Lord Delamere: Mlowezi aliyeangushwa na kutu ya ngano

MALORI ya nafaka yanayopita mjini Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, yakitokea upande wa Katesh na Basotu, hubeba mahindi, mbaazi, alizeti na, katika msimu wake, ngano. Kwa mkazi wa mjini anayesubiri chapati au mkate, ngano ni ngano tu. Kwa mkulima wa Wilaya ya Hanang mambo ni tofauti. Kuna mbegu hii na mbegu ile, na ile iliyojaza maghala ya Karatu au Monduli haina dhamana yoyote ya kufanya hivyo Basotu.

Jambo hilo, ambalo leo linaonekana la kawaida, lilimgharimu mtu mmoja karibu mali yake yote. Mtu huyo ni Hugh Cholmondeley, anayejulikana zaidi kwa cheo chake cha Lord Delamere, mlowezi mashuhuri kuliko wote katika historia ya Kenya, aliyefariki dunia Novemba 13, 1931.

Jina lake hukumbukwa kwa siasa za ubaguzi na kwa ukubwa wa mashamba yake. Visa vya ujana na vituko vyake katika hoteli za Nairobi vimesimuliwa mno, hata vikaifunika kazi iliyomtoa jasho kuliko zote, yaani kuitafuta mbegu ya ngano itakayokubali kuzaa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki.

Alizaliwa Aprili 28, 1870, nchini Uingereza, katika ukoo wa makabaila wa jimbo la Cheshire. Baba yake alipofariki mwaka 1887, kijana huyo wa miaka 17 alirithi cheo, kasri la Vale Royal na maelfu ya ekari za ardhi. Alikuwa amepita katika shule ya Eton, ambako hakuna aliyemtazamia kuwa msomi, naye hakuwahi kuwa.

Alichopenda ni uwindaji. Kuanzia mwaka 1891 alikuwa akisafiri hadi Somalia kuwinda simba, na mwaka 1894 nusura asirudi. Simba alimrukia na kumjeruhi vibaya mguu. Aliyeokoa maisha yake ni mbeba bunduki wake Msomali, Abdullah Ashur, aliyejitupa juu ya mnyama huyo hadi bwana wake akaipata silaha. Delamere alichechemea tangu siku hiyo hadi kufa kwake.

Katika safari nyingine iliyoanza mwaka 1896, alikatiza majangwa ya kaskazini akiwa na msafara wa ngamia, na mwaka 1897 akatokea katika nyanda za juu za Kenya. Baada ya miezi mingi ya vumbi na kiu, alikuta hewa baridi, vijito na majani mabichi. Nchi hiyo ilimkumbusha kwao Uingereza, na kufanana huko ndiko kulikokuja kumponza.

Mwaka 1899 alimwoa Lady Florence Cole, binti wa kabaila wa Ireland, na mwaka 1903 wakahamia Afrika Mashariki moja kwa moja. Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, iliyofika ziwani mwaka 1901, na ilihitaji mizigo ya kuilipia. Ilitaka walowezi wenye mitaji, na Delamere alikuwa na mtaji.

Maombi yake mawili ya ardhi yalikataliwa. La tatu lilikubaliwa, akapewa ekari 100,000 karibu na Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Kwa vile mstari wa ikweta hauko mbali na hapo, aliliita shamba hilo Equator Ranch. Yeye na mkewe waliishi katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi, huku ndani mmepangwa samani za thamani zilizoletwa kutoka Uingereza.

Ardhi ile ilionekana kama haina mwenyewe. Ukweli ni kwamba Wamaasai waliijua vizuri na hawakupenda kuwaweka mifugo wao pale kwa muda mrefu. Walikuwa wamekwisha kuijaribu kwa mifugo yao wenyewe, na hawakuandika ripoti. Delamere hakusubiri kujua sababu.

Akaleta kondoo wa merino kutoka New Zealand na madume ya kuwapandisha kutoka Uingereza. Kondoo hao walikonda na kufa kwa wingi huku wakiwa wamezungukwa na majani. Baadaye ilibainika kuwa udongo wa eneo hilo una upungufu wa madini ambayo mnyama hawezi kuishi bila hayo. Ng'ombe wa kigeni nao wakaandamwa na homa ya mapafu na ndigana kali.

Mwaka 1906 alipata ardhi nyingine, Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, akawahamishia huko mifugo waliosalia. Njoro akaiachia ngano.

Mwanzoni ngano ilimpa moyo. Iliota vizuri, ikarefuka, ikajaza bonde kwa rangi ya kijani. Kisha, masuke yalipokuwa yanaanza kujaa, mashina na majani yakatokwa na malengelenge madogo yaliyopasuka na kumwaga unga wa rangi ya kutu. Mtu akipita shambani, suruali yake ilitoka imepakwa rangi hiyo. Punje zilizobaki zilikuwa nyembamba, zimesinyaa, hazifai hata kinu.

Ugonjwa huo huitwa kutu ya ngano, nao husababishwa na kuvu. Zipo aina zaidi ya moja. Kutu ya manjano hupenda baridi ya miinuko, wakati kutu ya shina, ambayo mwishoni huwa nyeusi, hustawi penye joto kiasi. Vumbi lake ni mbegu za kuvu zinazobebwa na upepo kwa mamia ya kilometa.

Barani Ulaya na Amerika ya Kaskazini, majira ya baridi huua sehemu kubwa ya kuvu hiyo kila mwaka. Afrika Mashariki haina majira hayo. Wakati mkulima wa mlima mmoja anavuna, wa mlima mwingine ndiyo kwanza anapanda, na kutu huhama kutoka shamba moja hadi jingine bila kukosa pa kulala. Hapo Njoro, Delamere alikuwa ameiandalia kutu karamu ya kudumu pasipo kujua.

Kufikia mwaka 1909 fedha zake zilikuwa zimekwisha. Tegemeo lake la mwisho lilikuwa ekari 1,200 za ngano alizozipanda kwa pamoja, na ngano hiyo nayo ikashindwa. Mali ya Cheshire, iliyorithishwa vizazi kwa vizazi, ilikwisha kuwekwa rehani ili kuulipia udongo wa Njoro.

Kosa lake, likitazamwa leo, linaeleweka. Alipanda kwa mamia ya ekari kitu ambacho kingepaswa kupandwa kwanza kwa hatua chache.

Watafiti wa mbegu hufanya hivi. Huchukua aina kadhaa za ngano, pamoja na ile iliyozoeleka na wakulima kama kipimo, na kuzipanda katika vitalu vidogo vilivyo sawa, bega kwa bega. Kila aina hurudiwa katika vitalu kadhaa vilivyotawanywa, ili kipande chenye rutuba kisiipendelee mbegu moja. Jaribio hilohilo hupandwa mahali pengine penye mwinuko, mvua na udongo tofauti, na kurudiwa kwa misimu kadhaa. Mavuno ya kila kitalu hupimwa peke yake.

Matokeo mara nyingi huwashangaza hata wataalamu. Mbegu inayoshika nafasi ya kwanza kituo kimoja huweza kuwa ya mwisho kituo cha pili, ingawa inatoka katika gunia lilelile. Moja huhimili ukame lakini huanguka chini mvua zikizidi. Nyingine huzaa sana ila kutu ikifika haisalimiki. Zipo ngano za Ulaya zinazosubiri baridi kali au mchana mrefu wa kiangazi ndipo zitoe masuke. Penye ikweta, ambako usiku na mchana vinakaribia kulingana mwaka mzima, mbegu ya namna hiyo husubiri kitu kisichokuja.

Delamere hakuwa mtaalamu, lakini mtu aliyepoteza kiasi kile hujifunza haraka. Alianzisha maabara ya ngano shambani kwake, akaajiri wataalamu kwa fedha zake, na kuagiza mbegu kutoka nje. Mbegu za Australia zilikomaa mapema na kuzaa vizuri lakini hazikuhimili kutu. Aina ya Rieti ya Italia ilikuwa na kinga. Wataalamu wake wakaanza kuzichanganya, wakitafuta mtoto mwenye uzazi wa mzazi mmoja na afya ya mwingine.

Wakati huo elimu ya kuchanganya mbegu ilikuwa changa. Ni mwaka 1905 tu ambapo Rowland Biffen wa Chuo Kikuu cha Cambridge alikuwa ameonyesha kuwa kinga ya ngano dhidi ya kutu hurithiwa kwa kanuni zilezile za Mendel. Kwamba jambo hilo lilianza kufanyiwa kazi porini, katika shamba la mtu aliyekuwa akidaiwa kila upande, ni sifa ambayo hata wapinzani wake hawana haja ya kumnyima.

Mojawapo ya aina zilizotokana na kazi hiyo iliitwa Equator, kwa jina la shamba. Haikuwa ya kudumu. Kutu nayo hubadilika, na kinga iliyofaa jana huweza kuvunjwa na kizazi kipya cha kuvu.

Huku hayo yakiendelea, Delamere alihangaikia pia soko. Mwaka 1908 ilianzishwa kampuni ya kusaga nafaka ya Unga Limited, ambayo jina lake lingali linasomeka kwenye mifuko madukani Kenya. Alijaribu hata kufuga mbuni ili auze manyoya kwa ajili ya kofia za wanawake wa Ulaya, akaagiza mashine za kuangulia mayai. Magari yakaja, kofia kubwa zikaachwa, na mbuni wakabaki kuwa mzigo.

Mwaka 1914 mashamba yake yalianza hatimaye kuleta faida. Ulikuwa pia mwaka aliofariki mkewe Florence, aliyeishi naye katika miaka yote ya udongo na nyasi.

Kama habari za Delamere zingeishia hapo, angekumbukwa kama mkulima mbishi aliyeshinda. Lakini majaribio yake yalihitaji ardhi, na ardhi ile ilikuwa na historia.

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliwekeana mkataba na Wamaasai, chini ya laibon Olonana, wakaondolewa kwenye Bonde la Ufa na kugawanywa katika maeneo mawili, moja Laikipia na jingine kusini. Waliahidiwa kuwa hawataguswa tena. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili ulioiondoa Laikipia mikononi mwao. Kiongozi wao wa kaskazini, Ole Gilisho, alikwenda mahakamani na wenzake. Mwaka 1913 shauri lao likatupwa kwa hoja kwamba mkataba ule ulikuwa kama wa dola mbili, hivyo mahakama haikuwa na mamlaka nao. Wanyonge kuambiwa kuwa wao ni dola, siku ileile wanayonyang'anywa, ni jambo ambalo wanasheria wameendelea kulijadili hadi leo.

Delamere alijifunza Kimaasai, aliwaajiri wafugaji hao, na kwa maelezo mengi aliwapenda. Hata hivyo, hakuona kuwa mapenzi hayo yangemzuia kushika ardhi waliyokuwa wakiichunga. Katika Baraza la Kutunga Sheria, aliloingia mwaka 1907, na nje yake, aliongoza madai kwamba nyanda za juu zibaki kuwa za wazungu pekee.

Madai hayo hayakuishia Kenya. Oktoba 1925 aliwakusanya wajumbe wa walowezi mjini Tukuyu, kusini mwa Tanganyika, kuzungumzia dola moja ya wazungu kutoka Kenya kupitia Tanganyika hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mpango huo ulishindwa. Laiti ungefaulu, huenda ramani ya Tanzania ingekuwa nyingine, na vilevile orodha ya wenye mashamba.

Mwaka 1927 Njoro ilipata kituo rasmi cha serikali cha kuzalisha mbegu za ngano, na kazi iliyoanzia katika maabara ya mlowezi mmoja ikawa kazi ya umma. Mwaka 1928 Delamere alioa tena. Alipofariki miaka mitatu baadaye, akiwa na umri wa miaka 61, aliacha madeni makubwa benki. Alizikwa Soysambu.

Miaka 40 hivi baada ya kifo chake, mkasa unaofanana na wa Njoro ulianza kuonekana kusini-magharibi mwa Babati, katika nyanda za Basotu chini ya Mlima Hanang. Safari hii mwenye shamba hakuwa kabaila bali shirika la umma, NAFCO, likisaidiwa na Canada kwa matrekta, wataalamu na mbegu. Nia ilikuwa njema: taifa changa lilitaka kujilisha mkate wake. Mashamba saba makubwa yalifunguliwa, yakichukua takriban ekari 100,000.

Upande wa mbegu, somo la Delamere lilikuwa limekwisha kueleweka. Kituo cha utafiti cha Selian, Arusha, kilizipima aina nyingi katika maeneo tofauti kabla ya kuziruhusu. Baadhi ya ngano zilizopandwa Tanzania zilipewa majina ya ndege, zikiwamo Tausi na Mbuni, ingawa mkulima anayewafukuza kwelea kwelea alfajiri angeweza kuuliza ni nani aliyeona busara ya kuwakaribisha ndege hata kwenye majina.

Upande wa ardhi, somo halikueleweka. Nyanda zilizolimwa zilikuwa malisho ya Wabarabaig, waliokuwa wakihamisha ng'ombe kufuata majani na maji kwa mzunguko wa mwaka. Kwa mtazamaji wa msimu mmoja zilionekana tupu, kama Njoro ilivyoonekana tupu. Kuziondoa kwenye mzunguko huo kulimaanisha malisho mengine yote kulemewa.

Wanakijiji wa Mulbadaw walifungua kesi dhidi ya NAFCO mwaka 1981. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua. Canada ilijiondoa katika mradi huo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na baadaye shirika lenyewe likaporomoka. Sehemu kubwa ya ngano inayosagwa katika vinu vya Tanzania inaagizwa kutoka nje.

Nako Uganda, mwaka 1998, watafiti walikuta kutu ya shina ikishambulia ngano zilizokuwa na kinga iliyotegemewa karibu duniani kote. Aina hiyo, iliyopewa jina la Ug99, ilivuka hadi Kenya, Ethiopia na Yemen, na mwaka 2009 ikathibitishwa Tanzania. Mtaalamu wa ngano Norman Borlaug, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1970, alifika Kenya mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 91 kuionya dunia. Borlaug mwenyewe alikuwa amewahi kutumia ngano za Kenya katika kuzalisha mbegu zake nchini Mexico.

Sanamu ya Delamere, iliyosimama katikati ya Nairobi kwenye barabara iliyobeba jina lake, iliondolewa Kenya ilipopata uhuru, ikapelekwa Soysambu. Barabara ikawa Kenyatta Avenue.

Kituo cha Njoro kilibaki mahali pake. Tangu mwaka 2005 kimepokea mbegu za ngano kutoka nchi nyingi za dunia, zinazopandwa kwa mistari mifupi, maelfu kwa maelfu, mara mbili kwa mwaka, karibu na ngano iliyoambukizwa kutu kwa makusudi. Mistari mingi hugeuka rangi ya kutu na kufa kama zilivyokufa zile ekari 1,200. Michache inayobaki kijani huwekewa alama, huvunwa, na kupelekwa kujaribiwa upya katika udongo mwingine.